Reli Yetu Ndogo Isivunjwe

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu ili nitoe maoni yangu juu ya ile reli ndogo inayojengwa katika karakana ya shule. Bila shaka wasomaji wengi wamekwisha kusikia kwamba katika mkutano wa wazazi uliopita lilitolewa wazo kazi hiyo isimamishwe, na chumba wapewe wanafunzi wa masomo ya ziada ya Jumamosi. Kamati itaamua shule itakapofunguliwa. Mimi ndiye mwalimu ninayewasimamia vijana hao, kwa hiyo si haki nijifanye mtu wa pembeni. Nataka reli ibaki. Walakini nawaomba wanaonipinga wanisome mpaka mwisho, kwa sababu baadhi ya hoja zao nazikubali.

Kwanza nieleze kitu chenyewe, maana nimegundua kwamba wengi wanaokizungumzia hawajakiona. Ni mbao tano, kila moja yenye urefu wa sentimeta 120 na upana wa sentimeta 40. Kila kidato kina ubao wake mmoja, na ubao wa tano ni wa wazazi watatu ambao hufika Jumamosi, mmoja wao akiwa fundi baiskeli. Juu ya kila ubao kuna njia ya reli. Reli ni spoku za baiskeli zilizonyoshwa. Mataruma ni vipande vya mwanzi. Spoku zimeshikwa kwa gundi na misumari midogo iliyopigiliwa upande wa nje tu, ili isigonge magurudumu. Injini ni kopo la maziwa ya unga lenye mota iliyotolewa katika mashine mbovu ya DVD, na mabehewa ni makopo ya samaki. Jumamosi mbao hupangwa juu ya madawati na kufungwa kwa bolti, nayo treni hutoka ubao wa Kidato cha Kwanza, ambao ni Stesheni ya Dar es Salaam, ikapita Buguruni kwa Kidato cha Pili, ikafika Morogoro kwa Kidato cha Nne na kuendelea kwa Kidato cha Tatu, ambao habari zao nitazieleza mbele. Ubao wa wazazi ni Mabibo yetu hii. Umechomoza pembeni, kama njia ya kweli inavyochepuka kwenda Ubungo, na mama mmoja ameweka juu yake Mahakama ya Ndizi yenye mikungu ya udongo iliyopakwa rangi ya kijani. Sijaona stesheni yoyote ya Ulaya katika picha iliyonifurahisha kama soko lile.

Mtu atauliza, mtu mzima anatafuta nini katika mambo haya? Nami nilijiuliza. Nilipokuwa mtoto Tabora, mji ambako njia ya Mwanza huachana na ile ya Kigoma, sisi watoto wote tuliunda treni za makopo na kuzivuta kwa kamba mchangani. Hazikuwa na reli. Kila mmoja alivuta yake, na aliyekuwa na makopo mengi ndiye aliyekuwa bwana mkubwa. Nilipoingia sekondari niliziacha, kama wenzangu wote, wala sikuzigusa tena kwa zaidi ya miaka thelathini. Niliporudia kazi hii pamoja na wanafunzi niliona tofauti moja tu, lakini ni kubwa: sasa kuna reli, na reli haiwezi kuwa ya mtu mmoja. Anayejenga ubao wake asipojali mwisho wa ubao wa jirani, treni huanguka sakafuni.

Hilo ndilo jambo ninalotaka wazazi walitazame. Tulikubaliana tangu siku ya kwanza kwamba kila kitu kiwe kidogo mara 40 kuliko cha kweli. Reli ya kati, iliyoanza kujengwa na Wajerumani hapa Dar es Salaam mwaka 1905 kwa jasho la wazee wetu, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1,000 kati ya reli na reli. Gawanya kwa 40, wapata milimita 25. Basi milimita 25 ikawa sheria yetu. Tulikata kipande cha mbao ngumu cha upana huo, na hakuna anayegongomea spoku bila kukipitisha katikati kwanza. (Kwa kipimo hicho hicho, kama tungetaka kufika Kigoma ingetubidi tujenge zaidi ya kilometa 30, yaani kutoka hapa hadi Kibaha. Hesabu hiyo waliifanya Kidato cha Kwanza wenyewe, bila kuagizwa, nao walicheka sana.)

Sasa nije kwa Kidato cha Tatu. Katika kundi lao yumo kijana ambaye babu yake alifanya kazi ya ujenzi wa TAZARA, ile Reli ya Uhuru ya kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa msaada wa Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975. Kijana huyo aliwashawishi wenziwe kwamba ubao wao uwe wa TAZARA. Nasi sote tuliona ni wazo jema. Lakini TAZARA haina upana wa milimita 1,000. Upana wake ni 1,067, kwa kuwa ilitakiwa iungane na reli za Zambia na nchi za kusini zenye upana huo. Gawanya kwa 40, wapata milimita 26.7. Tofauti na zetu ni chini ya milimita mbili. Kwa macho huioni. Vijana walisema, ‘Mwalimu, kitu gani hicho, itapita tu.’

Haikupita. Injini ilipofika kwenye kiungo, gurudumu moja lilitumbukia ndani ya reli, na mabehewa yote yakafuata, moja baada ya jingine.

Hapo palizuka mjadala ulioendelea Jumamosi mbili, na nakiri kwamba sijapata kusikia mjadala mzuri kama ule katika kipindi changu chochote cha hisabati. Kidato cha Pili walisema wa Tatu wang’oe reli zao na kufuata sheria. Kidato cha Tatu walijibu kwamba hiyo si TAZARA tena, ni uongo. Mmoja alisema turefushe ekseli za mabehewa. Mwingine akamwuliza, je, yatapitaje Buguruni? Mwisho msichana mmoja alikumbusha jambo lililokuwa limesomwa katika jiografia: huko Kidatu, mkoani Morogoro, reli ya kati na TAZARA hukutana kweli, na kwa kuwa hazilingani, mizigo huhamishwa kutoka treni moja hadi nyingine. Basi wakajenga Kidatu. Spoku za njia mbili husimama sambamba, na katikati kuna jukwaa la mbao. Mizigo yetu ni visanduku ishirini vya viberiti. Tuliweka saa. Treni kupita kiungo kati ya Buguruni na Morogoro, ambako vipimo vinalingana, huchukua sekunde tatu au nne. Kuhamisha visanduku ishirini kwa mikono hapo Kidatu kulichukua dakika sita, na viwili vilianguka.

Nawauliza wasomaji: kuna somo gani la darasani lingeweza kuwaonyesha vijana jambo hilo kwa namna ile? Nchi yetu leo ina reli za upana wa aina tatu. Ya tatu ni ile ya kisasa ya umeme, yenye milimita 1,435 kama reli za nchi nyingi duniani, iliyoanza kuchukua abiria hadi Morogoro tarehe 14 Juni 2024 na hadi Dodoma tarehe 25 Julai mwaka huo huo. Kwa kipimo chetu ingekuwa karibu milimita 36. Sisemi kwamba waliochagua walikosa. Kila mmoja alikuwa na sababu yake: Mjerumani alitaka njia nyepesi na ya gharama ndogo, walioijenga TAZARA walitaka bandari kwa Zambia, wakati njia za kusini zilikuwa mikononi mwa wakoloni na makaburu, na wa leo wanataka mwendo wa kilometa 160 kwa saa. Lakini gharama ya kutolingana ipo, na mtu huilipa kila siku kwa mikono na kwa saa. Kinyume chake, reli ya Mombasa hadi Uganda nayo ilikuwa ya milimita 1,000, ndiyo maana njia ya Voi na Moshi ilipounganishwa mabehewa yaliweza kuvuka kutoka nchi moja hadi nyingine. Kijana aliyehamisha viberiti ishirini kwa dakika sita anaelewa habari hizi mbili zaidi ya mimi nilivyozielewa nikiwa Chuo Kikuu.

Wapo wanaosema ati huu ni mchezo wa watoto. Naam, ni mchezo. Lakini utazameni kwa karibu. Mathalani, magurudumu. Tulianza na vizibo vya soda. Katika njia iliyonyoka vilikwenda vizuri, ila kwenye kona ya Buguruni behewa lilitoka relini kila mara. Tukauliza sababu. Magurudumu mawili ya treni yamefungwa katika ekseli moja, hayawezi kuzunguka kwa mwendo tofauti kama ya gari. Na kwenye kona reli ya nje ni ndefu kuliko ya ndani. Je, treni ya kweli hupindaje? Uso wa gurudumu lake si bapa, umechongwa kwa mteremko mdogo, mnene upande wa ndani na mwembamba upande wa nje. Treni ikiingia kona husogea kidogo upande wa nje, gurudumu la nje likakanyaga kwa sehemu yake nene na la ndani kwa sehemu nyembamba, kwa hiyo la nje hukata mwendo mrefu zaidi kwa mzunguko ule ule. Ule ukingo wa pembeni ni wa kulizuia tu likizidi. Vijana walijaribu kwa vikombe viwili vya plastiki vilivyogandishwa midomo kwa midomo na kuviringishwa juu ya fito mbili, wakaona kwa macho yao kwamba vikombe hujirudisha katikati. Mzazi yeyote aweza kufanya hivyo nyumbani jioni hii. Sasa tunatumia vifuniko vya plastiki vyenye mteremko, nayo kona ya Buguruni imetulia, si daima, ila mara nyingi.

Huko Marekani, katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, wanafunzi walianzisha klabu ya reli ndogo mwaka 1946. Wengine walipenda kupaka rangi mabehewa na kutengeneza milima. Wengine walikaa chini ya meza na nyaya na swichi. Hao wa chini ya meza ndio waliokuwa miongoni mwa wa kwanza kukesha na kompyuta za chuo kile mwishoni mwa miaka ya 1950, na katika mwaka 1962 baadhi ya wanachama walikuwa kati ya waliotengeneza mmoja wa michezo ya kwanza kabisa ya kompyuta, uitwao Spacewar. Hata vidude vya kuuchezea waliviunda kwa vipande vya klabu ya reli. Natoa habari hiyo kwa kuwa mzazi mmoja aliniambia kwamba dunia ya leo ni ya kompyuta, si ya makopo. Lakini sitaki kuikaza sana hoja hii. Sitawaahidi wazazi kwamba kila anayekata kopo la samaki atakuwa mhandisi. Wengi hawatakuwa.

Jambo la mitihani ni zito zaidi, nami silidharau. Kidato cha Nne wana mtihani wa Taifa, na mzazi aliyelipa nauli na sare kwa miaka minne ana haki ya kuuliza mwanawe anafanya nini Jumamosi. Nakubali kwamba katika muhula wa mtihani Kidato cha Nne wasiguse ubao wao. Morogoro itasimamiwa na Kidato cha Kwanza, ambao wanaitamani tangu zamani. Nakubali pia kwamba masomo ya ziada yana haki ya kwanza juu ya chumba. Lakini masomo hayo huanza saa mbili asubuhi na kwisha saa sita. Sisi tunaomba saa saba hadi saa tisa na nusu. Mbao zetu husimamishwa ukutani kwa wima, tano pamoja hazizidi unene wa kabati la vitabu, wala hakuna dawati linaloharibiwa. Kama chumba ndicho shida, basi shida haipo. Na kama shida ni kitu kingine, naomba kitajwe waziwazi.

Tena kuna jambo ambalo halikutajwa katika mkutano, nalo linanisumbua kuliko mitihani. Watoto wetu hupita juu ya reli kufupisha njia, na wadogo wao huweka vizibo juu ya reli ili visagwe. Tangu treni za abiria za jijini zilipoanza mwaka 2012 kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa, kila mzazi wa upande huu anajua hofu hiyo. Reli mpya ina waya wa umeme wa volti 25,000 juu yake, na lile ‘gari la moshi’ lisilo na moshi huja kimya na kwa kasi. Mtoto hapendi reli kwa sababu ya ubaya. Anapenda kwa sababu ni kitu kikubwa kinachokwenda. Ukimpa mahali pa kulipenda jambo hilo, na ukamfundisha kwamba treni nzito haiwezi kusimama ghafula kama bajaji, amepata mahali pengine pa kwenda alasiri. Wavulana wawili niliokuwa nikiwaona kwenye njia ile kila alasiri, siku hizi nawaona karakana. Siwezi kusema zaidi ya hapo, lakini hao wawili nawajua kwa majina.

Tena tunakaa Mabibo, mtaa wenye jina la tunda la mkorosho lakini wenye Chuo cha Taifa cha Usafirishaji ndani yake. Wanafunzi wetu hupita nje ya ukuta wake bila kujua kinachofundishwa ndani. Muhula ujao ningependa tuombe ruhusa tuwapeleke huko na mbao zetu mbili, ya Morogoro na ile ya Kidatu, ili waulizwe maswali na watu wanaojua. Hilo haliwezekani kama mbao zitakuwa zimevunjwa kuni.

Nimalizie kwa shauri la mzazi mmoja mwema, aliyeahidi kutununulia treni kamili ya dukani kutoka Dubai, yenye reli zake na kibao chake cha kuiendeshea. Namshukuru kwa moyo wake. Walakini naomba, kwa heshima yote, treni hiyo iwe ya maonyesho siku ya wazazi, isiwe ya kazi. Treni nyingi za dukani zina upana wa milimita 16.5, kipimo kilichoamuliwa na wengine zamani, nayo ni sawa kwao. Ikija hapa, hakuna atakayebishana na mwenzake juu ya milimita mbili. Vijana watasimama kuizunguka meza, mmoja atashika kibao, na wengine wote watatazama. Tutakuwa tumerudi Tabora, kwa mwenye makopo mengi.

Kama mzazi huyo, au mwingine, angependa kutusaidia, mahitaji yetu ni madogo. Kidato cha Pili wanataka kujenga njia ya pili pale Buguruni ili treni mbili zipishane, na kwa hiyo twahitaji spoku zipatazo arobaini, mota ndogo mbili, na makopo ya samaki yaliyooshwa vizuri. Spoku zilizopinda tunazichukua pia, kwani fundi wetu huzinyosha. Ila zisiwe zimeliwa na kutu. Vitu vipokelewe karakana kila Jumamosi saa saba, kama kamati itaturuhusu tuwepo.

Ni mimi,
Mwalimu wa Hisabati na Fizikia